Namna ya Kuielewa na Kuitumia Nahau ya Kiingereza “A Storm Is Brewing”: Mwongozo kwa Wanafunzi, Wafasiri na Waongoza Watalii wa Zanzibar

Msomaji wa habari za Kiingereza hakai muda mrefu bila ya kukutana na kauli “a storm is brewing”. Maana yake kwa ufupi ni kwamba ugomvi unakuja: bado haujazuka, lakini dalili zake zimekwisha kuonekana, na kila siku inayopita zinazidi. Husemwa pale wafanyakazi na waajiri wanapoanza kuvutana juu ya mishahara, ndugu wanapokwepana kwa sababu ya shamba la urithi, au nchi mbili zinapopeleka majeshi mpakani. Ni nahau nyepesi kuikariri na nzito kuitumia, na makosa ninayoyaona katika tafsiri zetu hapa Zanzibar karibu yote yanatokana na jambo moja, nalo ni kuisahau ile hali ya “bado”. Anayeitafsiri huandika kwamba ugomvi umezuka, ilhali mwenye kauli amesema kwamba unakuja. Na baina ya mawili hayo pana tofauti kubwa, ambayo katika habari ya mgogoro inaweza kuwatia watu hofu bure au kuwanyima nafasi ya kusuluhishana mapema.

Mwongozo huu nimeuandika kwa wanafunzi wa skuli za sekondari na vyuo, kwa wafasiri wa vyumba vya habari, na kwa waongoza watalii wa Mji Mkongwe ambao husimulia historia yetu kwa Kiingereza mchana kutwa. Hatua zake zifuatwe kwa mpangilio wake, ila mwenye kuujua vyema muundo wa sentensi za Kiingereza anaweza kuipita haraka hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza: Ifahamu picha iliyomo ndani ya maneno

“Storm” ni dhoruba au tufani, na hilo halitusumbui. Neno linalotaka utulivu ni “brew”, ambalo asili yake ni kutengeneza pombe ya shayiri, kazi kongwe sana huko Uingereza na kaskazini ya Ulaya. Shayiri iliyooteshwa kidogo kisha ikakaushwa hulowekwa katika maji ya moto, maji yake huchujwa na kuchemshwa, yakipoa hutiwa hamira, kisha chombo hufunikwa na kuachwa kwa siku kadhaa. Kwa nje hakuna kinachoonekana kutendeka, lakini ndani hamira inakula sukari, povu linapanda na joto linaongezeka. Baadaye neno hilohilo likatumika pia kwa chai na kahawa zinazoachwa zikolee. Mpishi wa mkate wa kumimina anaijua hali hiyo bila ya kuelezwa zaidi: mchele uliosagwa, tui na hamira vikishachanganywa na kufunikwa, kazi iliyobaki hujifanya yenyewe, na mwenye kufunua kabla ya wakati hukuta mapovu madogo tu yanayomwambia kwamba mambo yameanza.

Kutokana na picha hiyo Waingereza walilichukua neno na kulipeleka kwenye mabaya yanayojijenga polepole. Matumizi hayo ni ya kale. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo “The Tempest”, iliyoigizwa mbele ya mfalme mwaka 1611, mchekeshaji Trinculo anatazama mbingu na kusema “another storm brewing”, na hapo anakusudia mvua na upepo wa kweli. Lakini miaka kadhaa kabla yake, katika “The Merchant of Venice” iliyochapishwa mwaka 1600, mkopeshaji Shylock, ambaye amealikwa karamuni na moyo wake unasita kutoka, anasema “There is some ill a-brewing towards my rest”, yaani anahisi kwamba kuna ubaya unaojijenga ambao utamwondolea utulivu. Na usiku huohuo binti yake anatoroka na mali yake. Tamthilia hiyo ndiyo ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la “Mabepari wa Venisi” mwaka 1969, kwa hiyo wasomaji wengi wa Kiswahili wanakijua kisa hicho hata kama hawakuwahi kuusoma mstari wenyewe wa Kiingereza. Tangu zamani, basi, neno hili limetumika kwa hali ya hewa na kwa mambo ya watu, na hadi leo ni hivyo.

Jambo moja zaidi katika hatua hii, kwa sababu litatusaidia mbele: katika “a storm is brewing” hakuna mpishi. Haisemwi ni nani aliyewasha moto wala ni nani aliyetia hamira. Dhoruba inajijenga yenyewe, na msemaji anaeleza anachokiona bila ya kumnyooshea mtu kidole.

Hatua ya pili: Uweke wakati wake mahali pake

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Nahau hii ina kipindi chake maalumu, ambacho huanza pale dalili za ugomvi zinapoonekana na humalizika pale ugomvi wenyewe unapozuka au unapozimwa. Ukiitumia kabla ya kipindi hicho unakuwa unatabiri bila ya ushahidi. Ukiitumia baada yake unakuwa umechelewa. Mfano bora wa kuipimia tunao hapa hapa, mbele ya Forodhani, nao ni vita vya tarehe 27 Agosti 1896 ambavyo hutajwa kuwa ndivyo vifupi kuliko vyote katika historia.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Zanzibar. Saa chache baadaye Sayyid Khalid bin Barghash aliingia katika kasri ya pwani na kujitangaza kuwa Sultani, bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao tangu mwaka 1890 na wakidai kwamba hakuna atakayekalia kiti hicho bila ya wao kukubali. Siku hiyo na iliyofuata kasri ilijaa askari na raia wenye silaha, mizinga ikaelekezwa kwenye meli, na manowari za Kiingereza zikawa zinaongezeka bandarini: Philomel na Thrush zilikuwapo, Sparrow ikafika, kisha Racoon na St George, ambayo ndiyo iliyomchukua Admirali Harry Rawson. Khalid alipewa amri ya mwisho kwamba bendera iteremshwe na kasri iachwe kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Hakukubali. Saa tatu na dakika chache mizinga ya manowari ilianza kupigwa, na baada ya takriban dakika 38, ingawa wengine huhesabu hadi 45, kasri ilikuwa magofu, meli ya Sultani iitwayo Glasgow imezamishwa, watu wapatao 500 wa upande wa kasri wameuawa au kujeruhiwa, na Khalid amekimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani.

Chukua kalamu uigawe habari hiyo. Kuanzia Khalid alipoingia kasri hadi kabla ya saa tatu ya tarehe 27, kauli “a storm was brewing” ni sahihi, kwa sababu dalili zilikuwa wazi, pande mbili zilikuwa zimekwisha kusimama, na risasi ilikuwa bado haijatoka. Mwongoza watalii anayesimama mbele ya Beit al-Ajaib anaweza kusema bila ya wasiwasi: “By the evening of 26 August 1896 a storm was brewing over the succession, and five British warships lay in the harbour.” Sentensi hiyo inamweka msikilizaji katika jioni ile, anajua kwamba jambo linakuja, na anasubiri kusikia litakavyokuwa.

Sasa angalia sentensi hii: “On 27 August a storm was brewing and the palace was destroyed in less than an hour.” Kisarufi haina kasoro, na Mwingereza ataelewa kilichokusudiwa, lakini ataona kwamba msimulizi amechanganya nyakati, kwani kasri inapobomolewa kwa mizinga dhoruba haijijengi tena, imekwisha kupiga. Kwa hali hiyo Kiingereza kina kauli yake, nayo ni “the storm broke”. Sentensi iliyonyooka itakuwa: “A storm had been brewing for two days, and shortly after nine in the morning it broke.”

Angalia pia kwamba nahau hii haisemi kuwa ugomvi hauna budi kutokea. Inasema unajijenga. Katika siku zile mbili Khalid alikuwa bado na nafasi ya kutoka katika kasri, na majibu aliyoyatoa asubuhi ya tarehe 27 yanaonesha kwamba hakuamini kuwa Waingereza wangempiga. Lau angetoka, wanahistoria wangeendelea kuandika “a storm was brewing” na wasingekuwa wamekosea, ila wangemalizia kwa kueleza kwamba ilipita. Kwa sababu hiyo mfasiri asiongeze maneno kama “bila shaka” au “lazima” ambayo hayamo katika kauli ya asili.

Kabla ya kuiandika nahau hii, jiulize maswali mawili. La kwanza: je, kuna dalili ninazoweza kuzitaja, au ni hofu yangu tu? La pili: je, ugomvi wenyewe umekwisha kuzuka? Ikiwa dalili hazitajiki, usiiandike. Ikiwa ugomvi umezuka, tafuta kauli nyengine.

Hatua ya tatu: Jenga sentensi yake

Umbo linalotumika zaidi ni la wakati unaoendelea: “is brewing” kwa sasa, “was brewing” kwa wakati uliopita, na “has been brewing” au “had been brewing” pale unapotaka kuonesha kwamba jambo limechukua muda. Umbo la wakati ujao, “will brew”, halina kazi hapa, kwa sababu “is brewing” yenyewe imekwisha kuelekea mbele. Wala Waingereza kwa kawaida hawasemi kwamba mtu fulani anai-“brew” dhoruba. Dhoruba ndiyo mtendaji wa sentensi.

Baada ya kitenzi huja kihusishi, na kila kimoja kina kazi yake. “Over” hutaja jambo linalogombewa: “A storm is brewing over the new fishing rules.” “Between” hutaja wanaogombana: “A storm is brewing between the two villages.” “In” hutaja mahali au chombo: “A storm is brewing in the club.” Vinaweza kukutana katika sentensi moja, kwa mfano: “A storm is brewing between the two families over the clove farm in Wete.”

Nafasi ya “storm” huweza kushikwa na maneno mengine, na hapo uzito hubadilika. “Trouble is brewing” ni nyepesi zaidi na ndiyo inayosikika sana katika mazungumzo. “A row is brewing” ni ya Waingereza hasa, na neno “row” hapo hutamkwa kwa sauti ya “au”, si kwa sauti ya “ou” kama lile la kupiga makasia. “A crisis is brewing” huandikwa sana na waandishi wa siasa na uchumi. Mambo ya kheri, kama amani na mapatano, kwa kawaida hayaingizwi katika umbo hili.

Hatua ya nne: Pambanua dhoruba ya bahari na dhoruba ya watu

Kwa Mwingereza anayeishi mbali na pwani, “a storm is brewing” mara nyingi humjia kwanza kama mfano. Kwa watu wa Nungwi, Kizimkazi, Kojani au Makangale, ambao maisha yao yamefungwa na kaskazi na kusi, maneno hayo ni ya kweli kabla ya kuwa ya mfano. Zanzibar ina kumbukumbu yake: tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja vyombo bandarini na kung’oa sehemu kubwa ya mikarafuu, wakati Pemba kwa kiasi kikubwa ilisalimika, na hiyo ni moja katika sababu za Pemba kuwa ndiyo kisiwa cha karafuu hadi leo. Ukikuta katika maelezo ya siku hizo kwamba “a storm was brewing”, usikimbilie kutafuta ugomvi. Ni kimbunga.

Kipimo cha haraka ni kutazama kinachofuata “over”. Kikiwa ni jambo linaloweza kubishaniwa, kama mishahara, mipaka, uchaguzi au urithi, basi ni ugomvi. Kikiwa ni mahali, kama “over the Indian Ocean” au “over the channel”, uwezekano mkubwa ni hali ya hewa. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, kwa sababu waandishi wa historia hupenda kusema kwamba katikati ya mwaka 1914 dhoruba ilikuwa inajijenga juu ya Ulaya, “over Europe”, na wanakusudia zile wiki baina ya kuuawa kwa mrithi wa ufalme wa Austria mjini Sarajevo tarehe 28 Juni na vita vilivyotangazwa mwezi mmoja baadaye, ambavyo Septemba ya mwaka huohuo vilitufikia hapa, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Zanzibar. Basi mahali pakitajwa, soma sentensi iliyotangulia na inayofuata. Ukiona upepo, mawimbi na vyombo, fasiri bahari. Ukiona mawaziri, majeshi na barua, fasiri ugomvi.

Hatua ya tano: Itie katika Kiswahili chenye uhai

Kosa la kwanza ambalo wanafunzi hulifanya ni kuifuata neno kwa neno na kuandika “dhoruba inapikwa” au “tufani inatengenezwa”. Msomaji wa Kiswahili atasimama hapo na kuuliza ni nani anayeipika. Na hatari haiishii kwenye ugeni wa maneno. Kiswahili kina “kupika majungu”, ambayo maana yake ni kukaa faraghani na kupanga fitina dhidi ya mtu, nayo siku zote ina mpishi anayelaumiwa. Mfasiri akiingiza “kupika” katika habari ya mzozo wa wavuvi na wenye mahoteli, amekwisha kuutuhumu upande mmoja kwa jambo ambalo mwandishi wa asili hakulisema. Hivyo ndivyo neno moja linavyoweza kuharibu suluhu, na ndiyo maana nilisisitiza katika hatua ya kwanza kwamba nahau hii haina mpishi.

Kitenzi kinachoikaribia sana ni “kufukuta”. Moto unaofukuta uko chini ya majivu, hauna mwale, joto lake linahisiwa na aliyeko karibu, na bado unaweza kuzimwa au kulipuka. Zaidi ya hayo, “mgogoro unafukuta” haimtaji mchochezi, kama Kiingereza kisivyomtaja. Kwa habari, kwa ripoti na kwa historia, hii ndiyo chaguo langu la kwanza. Sentensi ya shamba la mikarafuu tuliyoijenga juu itakuwa: “Ugomvi unafukuta baina ya familia mbili juu ya shamba la mikarafuu huko Wete.” Mwenye kutaka lugha tulivu zaidi, kama katika kumbukumbu za kikao, anaweza kuandika “mvutano unazidi kujengeka”.

Katika riwaya na hotuba, ambako picha ya mbingu ina thamani yake, “mawingu ya ugomvi yanatanda” au “mawingu ya vita yanatanda” hubakia karibu na asili bila ya kulilazimisha Kiswahili. Hapa zingatia umbo la kitenzi: “yanatanda” ni ya kujijenga, na “yametanda” ni ya mbingu iliyokwisha kufunga. Katika mazungumzo ya barazani watu husema “hapa pananukia ugomvi”, na ni kauli nzuri kwa mazungumzo ya wahusika wa hadithi.

Wengi hukimbilia methali “dalili ya mvua ni mawingu”. Inafaa, ila kwa tahadhari. Kwa mkulima wa Donge au wa Mtambwe anayeisubiri masika, mvua ni neema, na methali hiyo hutumika kwa kila jambo linaloonesha dalili, la kheri na la shari. Ukiitumia mahali pa nahau hii, hakikisha sentensi ya jirani imeutaja ugomvi, ama sivyo msomaji anaweza kudhani kwamba kuna neema inayokuja. “Lisemwalo lipo, na kama halipo laja” inafaa pale dalili pekee ni maneno ya watu. “Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo” inafaa pale tangazo la wazi limekwisha kutolewa, mfano wa amri ile ya mwisho aliyopewa Khalid, na si mahali pa minong’ono.

Kuna kauli nyengine za Kiswahili zinazofanana nayo na ambazo si zake. “Hali ya hewa imechafuka”, inayosemwa kwa mfano juu ya mkutano au nyumba, inaonesha kwamba uharibifu umekwisha kutokea. Imepita kipindi chetu. “Patachimbika” na “hapatatosha” ni vitisho vya mgombanaji mwenyewe, naye anatangaza atakalolifanya, wakati “a storm is brewing” ni kauli ya mtazamaji. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza, “Mwalimu, kama mimi ndiye ninayetaka kugombana, naweza kuisema?” Jawabu ni kwamba Kiingereza hakimkatazi, lakini atasikika kama mtu anayeuelezea ugomvi wa wengine. Mwenye kutisha hutumia maneno mengine.

Zoezi linalofaa kwa hatua hii ni kuchukua sentensi moja na kuitia katika Kiswahili mara tatu, kwa wasomaji watatu tofauti. Tuchukue “A storm has been brewing in the village since the octopus grounds were closed.” Kwa gazeti: “Tangu kufungwa kwa maeneo ya kuvulia pweza, mgogoro umekuwa ukifukuta kijijini.” Kwa hadithi: “Tangu siku ile miamba ya pweza ilipofungwa, mawingu ya ugomvi yalikuwa yakitanda juu ya kijiji.” Kwa barua ya sheha kwenda wilayani: “Tangu kufungwa kwa maeneo ya pweza, mvutano baina ya wanakijiji umezidi kujengeka, na hadi sasa hapajatokea ugomvi wa wazi.” Katika barua nimeongeza maneno ya mwisho kwa makusudi. Msomaji wa barua rasmi anataka kuijua ile “bado” kwa uwazi, na nahau peke yake haimtoshelezi.

Hatua ya sita: Izoee pamoja na jamaa zake

Kiingereza kina kundi zima la kauli zilizozaliwa na dhoruba, na anayejua moja huchanganyikiwa na nyengine. “Storm clouds are gathering” ina maana ileile ya nahau yetu, lakini ni nzito na rasmi zaidi, na huhifadhiwa kwa mambo ya nchi, uchumi na vita. “The calm before the storm” ni utulivu wa kutiliwa shaka unaotangulia ugomvi. Balozi mdogo wa Marekani aliyekuwapo hapa mwaka 1896, Richard Mohun, aliandika kwamba usiku wa kuamkia vita mji ulikuwa kimya cha kutisha, hakuna ngoma wala mtoto anayelia, na hakuna mfano wa utulivu huo ulio bora kuliko huo. “To weather the storm” ni kuivuka shida na kubaki salama. “The storm blew over” ni pale ugomvi ulipopita bila ya madhara.

“A storm in a teacup” ndiyo inayowateleza watu zaidi. Hiyo ni fujo kubwa kwa jambo dogo lisilostahili, na Wamarekani husema “a tempest in a teapot”. Ukiandika kwamba wafanyakazi wako katika “storm in a teacup”, umewaambia kwamba malalamiko yao ni upuuzi, jambo ambalo wanaweza kukukasirikia kwa haki.

“Sabre-rattling”, yaani kutikisa panga zisikike, haimo katika kundi la dhoruba, lakini huandikwa sana pembeni yake. Tofauti ni kwamba hiyo ina mtendaji: kuna mtu au nchi inayoonesha silaha ili mwengine aogope. Zile manowari tano zilizopangwa mbele ya kasri zinaweza kuelezwa kwa kauli hiyo. Hali ya mji mzima katika siku zile mbili inaelezwa kwa “a storm was brewing”.

Hatua ya saba: Jua pasipofaa kuitumia

Hati za mahakama, mikataba na ripoti za polisi hazina nafasi ya nahau hii, kwa sababu hakuna awezaye kuthibitisha mbele ya hakimu kwamba dhoruba ilikuwa inajijenga. Taja matendo: nani alisema nini, siku gani, mbele ya nani. Katika habari za misukosuko ya kisiasa mwandishi aitumie kwa uchache na aiambatanishe na dalili alizoziona, kwani visiwa vyetu vina watu walioumizwa na siku za uchaguzi, na kichwa cha habari kinachotangaza dhoruba bila ya ushahidi kinaweza kuwa sehemu ya dhoruba yenyewe.

Mahali pa mwisho, na ambapo napaomba pazingatiwe kuliko pengine pote, ni taarifa za hali ya hewa. Mfasiri anayeitia katika Kiingereza au Kiswahili tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa kwa ajili ya manahodha, wavuvi wa dago na wenye mahoteli asiipambe kwa nahau ya aina yoyote. Msomaji mgeni akikuta “a storm is brewing” anaweza kudhani ni maneno ya kawaida ya kusema mambo si mazuri, na mvuvi akikuta “mawingu yanatanda” anaweza kudhani ni mvua ya saa moja. Andika nguvu ya upepo, urefu wa mawimbi, eneo la bahari linalohusika, siku na saa ya kuanza, na chombo cha ukubwa gani kisitoke.